Je, Wajua? Kwa Nini Supu Iliyochemka kwa Saa Tano Huchacha Ikilala Kwenye Sufuria

Supu ya makongoro imechemka saa tano nzima, mpaka kano zimelainika na mifupa imeachia nyama. Saa tatu usiku jiko linazimwa, sufuria inafunikwa, watu wanalala. Asubuhi kuna povu jembamba ukingoni na harufu ya uchachu. Kimeingia nini, na mfuniko haukuguswa?

Mara nyingi hakikuingia kitu, kilikuwamo tangu nyama inatoka buchani. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens huishi udongoni na matumboni mwa wanyama. Moto humuua, lakini anaweza kujifungia ndani ya gamba gumu mfano wa mbegu kavu, yaani spora, na nyuzi 100 za maji yanayochemka hazitoshi kuiua. Moto wenyewe ndio unaoiamsha. Supu ikianza kupoa, spora huchipua. Na kwa kuwa mchemko umeshafukuza hewa, bakteria huyu asiyetaka oksijeni anakuta pamemfaa kabisa. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 anaweza kuongezeka maradufu kwa dakika 10 tu. Mwendo huo ukidumu saa mbili, mmoja huwa 4,096.

Kwa hiyo usalama wa supu unaamuliwa baada ya jiko kuzimwa. Lita nane ndani ya sufuria ndefu hupoa pembeni huku katikati pakibaki vuguvugu kwa saa nyingi, na mafuta yaliyotanda juu hufanya kazi ya blanketi. Kuisukuma sufuria nzima kwenye friji si dawa: katikati bado patachelewa kupoa, na joto lake litapasha maziwa na nyama vilivyo jirani.

Kipimo wanachofuata wapishi wa kazi ni hiki: supu ishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha ifike nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Nyumbani hilo linawezekana. Toa mifupa, chuja, kisha mimina supu kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5. Viweke ndani ya beseni la maji yenye barafu, maji yafike usawa wa supu, na ukoroge kwa mwiko safi kila baada ya dakika chache. Usiache kukoroga, maana ndiko kunakoitoa ile supu ya moto ya katikati. Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya bomba yenyewe ni ya uvuguvugu, barafu ni ya lazima. Njia nyingine nzuri ni kuipika supu iwe nzito, halafu kuipunguza mwishoni kwa vipande vya barafu ya maji safi ya kunywa.

Ikishapoa, funika na uweke kwenye rafu ya ndani ya friji, si mlangoni ambako joto hupanda kila unapofungua. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Hapo supu hukaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza ladha hubaki nzuri miezi 2 hadi 3. Acha nafasi juu ya chombo, kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Supu ya boksi nayo huhimili kabatini kabla ya kufunguliwa tu. Ukishaikata, ni ya friji, na ufuate siku zilizoandikwa kwenye boksi.

Supu ikiganda na kutikisika kama jeli, usiogope: hiyo ni jelatini ya kano na ngozi, dalili ya supu iliyoiva. Mafuta yaliyoganda juu yaache hadi siku ya kutumia, yanazuia harufu za friji, ingawa hayazuii bakteria.

Pasha kiasi cha kula tu, mpaka ichemke. Iliyochacha usijaribu kuiokoa kwa moto. Bakteria wengine, kama Bacillus cereus na Staphylococcus aureus, huacha sumu ambazo mchemko hauzivunji, na sumu hizo zinaweza kuwamo hata supu ikinukia vizuri. Imwage. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kwa saa 4 hivi. Ukizidi hapo, supu iliyomo haifai kunywewa tena.