Meli ikimwaga mafuta Kilindini, nani huitwa? Maana ya ushirikiano wa kimataifa katika kukabili uchafuzi wa bahari

Chukua meli moja inayoingia mlango wa Kilindini, bandari ya Mombasa. Bendera yake ni ya Panama, mwenyewe yuko Ugiriki, mabaharia ni Wafilipino na mzigo ni wa mfanyabiashara wa Dubai. Ikitoboka, mafuta hayatafika Panama wala Ugiriki. Yataingia Mtongwe na Port Reitz, na maji yakiwa ya bamvua yatabebwa hadi ndani kabisa ya mikoko. Mwenye hasara yuko hapa, ilhali wenye meli, wenye bima na mara nyingi hata wenye vifaa vya kusafishia wako mbali. Kwa sababu hiyo mataifa yaliona suala hili haliwezi kuachiwa nchi moja.

Ushirikiano huu una sehemu tatu: kila nchi ijiandae kabla ya ajali, ichukue hatua ajali ikitokea, na iwaite wenzake pale uwezo wake unapofikia kikomo. Msingi wake ni mkataba wa OPRC, yaani wa kujiandaa, kuchukua hatua na kushirikiana dhidi ya uchafuzi wa mafuta, uliopitishwa London mwezi Novemba 1990 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO. Mwaka uliotangulia, meli ya Exxon Valdez ilikuwa imepanda mwamba huko Alaska na kumwaga tani zipatazo 37,000 za mafuta ghafi. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilikuta vifaa vilivyokuwepo ni vichache na vimechelewa kufika. Mkataba ulianza kutumika 1995, na Kenya ni mwanachama. Itifaki ya mwaka 2000 iliongeza kemikali na shehena nyingine za hatari.

Kujiandaa ndiko kwenye kazi kubwa, na ndiko kusikoonekana. Meli inatakiwa iwe na mpango wake wa dharura. Nahodha lazima atoe taarifa mara moja kwa nchi ya pwani iliyo karibu naye, hata kama mafuta aliyoyaona yakielea si ya meli yake. Nchi nayo iwe na mpango wa taifa, vifaa, mazoezi, na mamlaka moja inayojulikana, yenye uwezo wa kupokea taarifa na kuomba msaada. Kwetu jukumu hilo liko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, yenye makao yake hapa Mombasa. Mpango wenyewe hupanga ajali kwa ngazi tatu: ndogo humalizwa na bandari au kampuni husika, ya kati huita uwezo wa taifa, na kubwa huita majirani na dunia.

Kujiandaa huku ni kama chama cha kuzikana: watu huchanga na kuandikana wakiwa wazima, kwa sababu msiba ukishaingia hakuna nafasi ya kuulizana nani ni mwanachama.

Kipengele ninachokiona cha thamani kuliko vyote ni kile cha forodha na uhamiaji. Mkataba unazitaka nchi ziweke sheria na utaratibu wa kuruhusu meli, ndege, wataalamu na vifaa vya msaada kuingia, kufanya kazi na kutoka haraka. Tuseme ndege imetua uwanja wa Moi, Mombasa, ikiwa na nyuzio za kuelea za kuzingira mafuta na pampu za kunyonya mafuta, halafu mzigo ukazuiliwa kwa sababu ya ushuru na vibali. Huko baharini mafuta hayangoji. Mawimbi huyachanganya na maji mpaka yanakuwa rojo zito linaloziba pampu, na dawa za kuyatawanya hazifanyi kazi tena ipasavyo. Maji yakijaa yanaifikia michu, ile miti yenye mizizi ya kupumulia inayochomoza wima kwenye tope. Mizizi ikifunikwa na mafuta mti unakosa hewa. Si jambo la kufikirika tu: mwaka 1988 mafuta yaliua mikoko ya Makupa, na 2005 mafuta ghafi yaliyomwagika kutoka melini humu bandarini yakafika mikoko ya Port Reitz.

Majirani nao wana sababu ya kuhusika. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo mafuta yakimwagika upande wa Pemba, Tanzania, yanaweza kufika Vanga na Shimoni huku Kenya. Mkataba wa Nairobi wa 1985, unaounganisha nchi 10 kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, una itifaki maalumu ya kusaidiana katika dharura za namna hii.

Mauritius ilipitia hali hiyo mwaka 2020. Meli ya Wakashio ilikwama kwenye matumbawe Julai 25, na mafuta yakaanza kuvuja Agosti 6. Haikuwa hata meli ya mafuta. Zile tani zipatazo 1,000 zilizovuja zilikuwa za injini zake. Ufaransa ilituma vifaa kutoka Réunion, Japani na India zikatuma wataalamu, na wananchi wenyewe wakashona nyuzio za majani ya miwa. Mimi hurudia kuzitazama zile siku 12 za katikati. Msaada unaofika katika siku kama hizo huweza kuyazuia mafuta yasifike pwani. Unaofika baadaye hukuta kazi ya kuchota.

Na gharama? Chini ya OPRC, nchi iliyoomba msaada humrudishia aliyesaidia. Aliyekuja kwa hiari yake hubeba gharama zake, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Nchi inayoendelea inaweza kuomba isamehewe. Hayo hayamwondolei mwenye meli deni lake, kwani mikataba mingine humbana yeye na bima yake, na kwa meli za mafuta kuna mfuko wa kimataifa wa fidia ambao Kenya imo.

Mfuko huo humlipa hata mvuvi mdogo aliyepoteza kazi, ila hutaka ushahidi wa hasara. Hapo ndipo vikundi vyetu vya BMU, vya wavuvi vya kusimamia fukwe, vinapoingia. Daftari la mizani la bandari ya samaki, linaloonyesha kilo za changu na pweza kwa kila siku ya kusi na kaskazi, ni sehemu ya maandalizi kama ulivyo uzio wa kuelea, na huwezi kuanza kuliandika siku mafuta yameshafika ufukweni.