Kikosi kazi si Baraza la Wawakilishi

Nimeulizwa tena wiki hii, na mtu mwenye cheo chake: "Kikosi kazi hichi cha kipindupindu mbona idara yetu haina mjumbe?" Basi niseme hapa, nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Kikiingia kipindupindu Micheweni, kule Pemba, nataka mtu wa maabara, wa maji, wa dripu, wa kufuatilia waliokula na mgonjwa, na wa kuzungumza na masheha, viongozi wa shehia. Hadidu za rejea nusu ukurasa, gari na mafuta. Hayo mnayajua.

Kinachonikera ni mjumbe wa kuwakilisha. Jumatatu anakuja Bi Mkubwa mwenyewe. Jumanne yuko safari, anakuja anayemkaimu. Jumatano wanatuletea kijana wa mafunzo kwa vitendo, daftari jipya mkononi, anauliza jana tuliishia wapi. Saa nzima tunathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, na kipindupindu hakingoji akidi: mtu akishavimeza vijidudu, dalili zaweza kuanza baada ya saa chache, zikichelewa ni siku tano. Wala simlaumu kijana. Hata huyo Bi Mkubwa hakuachishwa kazi zake. Bosi wake anamtaka ofisini saa nane. Ukimteua mtu bila kumwondoshea majukumu yake ya kila siku, umepata jina lake tu kwenye orodha, na posho utamlipa.

Nipeni barua moja ya kumwachia mtu wa maji kwa muda, wajumbe kumi bakini nao. Huyo anapita kisima kwa kisima: anatia klorini, anangoja nusu saa, anapima. Klorini iliyobaki majini isipofika miligramu 0.5 kwa lita, anaongeza, anapima tena. Kazi hiyo haikaimiwi.

Mtaniambia sheha naye si mwakilishi? Ndiyo, ni mwakilishi, lakini bila yeye hakuna atakayekubali kisima chake kitiwe kitu kinachonuka.

Wengine hunitolea mfano wa kutokomeza mbung'o Unguja, kwamba ule mradi ulikuwa mkubwa na ukafaulu. Kweli, ulikuwa mkubwa: kuanzia 1994 madume waliotasishwa kwa mionzi walizalishwa Tanga, wakamwagwa kwa ndege hadi juu ya msitu wa Jozani. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akiangukia dume tasa habari yake imekwisha. Lakini wote walikuwa na lengo moja, na kipimo chao kilikuwa mtegoni. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Mitego ikaendelea kukaguliwa, 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o, kazi ikafungwa.

Hapo ndipo penye shaka yangu. Mbung'o amezuiwa na bahari, kipindupindu hurudi. Zikipita wiki nne bila mgonjwa aliyethibitishwa, tunasema mlipuko umekwisha na kikosi kinavunjwa, na visima vilivyo wazi jirani na vyoo vya shimo tunaviacha palepale. Hivyo vinataka bajeti ya miaka. Tubakie? Tukibakia tutaomba ofisi, kisha mhuri, kisha dereva wa kudumu; nimeshayaona hayo. Kwa hiyo navunja. Ila mtu wa maji huwa namwombea aendelee na kipimo chake mpaka masika yapite, na kila mara naulizwa mafuta ya pikipiki yake yatoke fungu gani.