Je, wajua kwa nini laptopu yenye RAM mbovu huwaka vizuri, kisha huanguka baadaye?

Laptopu inaganda katikati ya kazi. Siku nyingine inaleta skrini ya bluu unapofungua picha, na inayofuata inajizima na kujiwasha yenyewe hujagusa hata kitufe. Ujumbe wa kosa haufanani na wa jana. Anayedokeza kwamba huenda tatizo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka inachokifanyia kazi, hujibiwa upesi: RAM ingekuwa mbovu, hiyo mashine isingewaka kabisa.

Jibu hilo limeenea kwa sababu lina ukweli nusu. RAM iliyokufa, au iliyolegea kwenye nafasi yake, kweli huizuia kompyuta kuwaka: feni inazunguka, skrini inabaki nyeusi, na pengine unasikia milio au unaona taa ikipepesa. Lakini kufa yote kwa mpigo ni aina moja tu ya ubovu. Laptopu yenye RAM ya GB 8 ina biti (yaani tarakimu za 0 au 1) zaidi ya bilioni 68, na kila biti ina seli yake inayoweza kuharibika peke yake. Seli moja ikidhoofika, zilizobaki zinaendelea na kazi kama kawaida. Ukaguzi unaofanyika unapobonyeza kitufe cha kuwasha ni wa juu juu. Hauna muda wa kuijaribu kila seli katika kila hali. Basi kompyuta inawaka, Windows inafunguka, unafanya kazi, na ubovu upo pale pale.

Dhana hiyo ina ndugu yake: kwamba dawa ya skrini ya bluu ni kupiga Windows upya. Inaaminika kwa sababu mara nyingi huonekana kusaidia, kwa siku kadhaa. Mfumo ukishapigwa upya, mpangilio wa vitu ndani ya RAM nao hubadilika. Seli mbovu iliyokuwa imebeba sehemu ya draiva muhimu (programu inayoendesha kifaa fulani) sasa huenda imebeba kipande cha picha ambacho hakuna atakayegundua kimebadilika, au haijabeba chochote. Utulivu unarudi. Kisha unafungua programu nyingi, RAM inajaa, na seli ile inapewa tena kitu kisichovumilia kosa. Baya zaidi, mafaili ya Windows mpya hupita kwenye RAM hiyo hiyo kabla ya kuandikwa kwenye diski. Biti ikigeuka njiani, kosa linaandikwa, na sasa una matatizo mawili badala ya moja. Ndiyo maana fundi akiona usakinishaji unakatika kwa madai ya faili lililoharibika, mara mwanzoni mara karibu na mwisho, na flashi yenyewe ni nzima, anapaswa kuishuku RAM mapema.

Hata kubadilika kwa ujumbe, ambako wengi hukuchukua kuwa dalili ya virusi, ndiko hasa kunakoelekeza kwenye RAM. Tuchukue herufi A. Ndani ya kompyuta huhifadhiwa kama namba 65, yaani 01000001. Geuza biti ya pili kutoka kulia, 0 iwe 1, unapata 67, ambayo ni C. Jina limekosewa herufi moja kwenye waraka na programu haikulalamika. Seli hiyo ikiwa imebeba sehemu ya rangi ya nukta moja ya picha, hakuna jicho litakaloona tofauti. Ikiwa imebeba anwani ambayo kiini cha mfumo kinatakiwa kuifuata, kinapelekwa mahali pasipo na kitu, na Windows inaona heri isimame kuliko kuendelea kuharibu: PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA leo, MEMORY_MANAGEMENT kesho, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL keshokutwa. Seli ni ile ile. Kilichobadilika ni mzigo wake.

Biti moja iliwahi hata kuvuruga hesabu ya kura. Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, kompyuta ya manispaa ya Schaerbeek, Brussels, ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096. Kosa liligundulika kwa sababu kura zake zilizidi kiwango kilichowezekana. Namba 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani kiasi kile kile ambacho namba huongezeka biti yake ya 13 inapogeuka kutoka 0 kuwa 1. Programu ilikaguliwa bila kuonekana hitilafu, na maelezo yaliyobaki yakawa kwamba biti iligeuka yenyewe kwenye kumbukumbu. Mionzi ya angani imetajwa sana kuwa chanzo, lakini haikuthibitishwa, na ni vigumu kuthibitisha kwa kuwa biti iliyogeuka haiachi alama.

Sasa, kwa nini seli idhoofike badala ya kufa? Jibu limo katika muundo wake, uliobuniwa na Robert Dennard wa IBM mwaka 1966 na kupewa hataza mwaka 1968: transista moja, ambayo ni swichi ndogo ya umeme, na kapasita moja, inayotunza chaji. Kwa maelezo mepesi, kapasita yenye chaji ni 1 na isiyo na chaji ni 0. Shida ni kwamba chaji huvuja.

Fikiria safu ndefu ya vikombe vyenye vitundu vidogo chini. Kikombe kilichojaa maji ni 1, kitupu ni 0. Mtu mmoja anaipitia safu bila kupumzika. Kila kikombe anachokikuta na maji zaidi ya nusu anakijaza hadi juu, na chenye chini ya nusu anakimwaga chote. Maadamu anarudi kabla maji hayajashuka chini ya nusu, safu nzima inakumbuka kila kitu. Sasa tundu la kikombe kimoja liwe kubwa kuliko mengine. Mtu yule anafika, anakuta maji yameshuka chini ya nusu, na kwa kufuata agizo lake anamwaga yaliyobaki. Pale palipokuwa na 1 sasa pana 0, na kuanzia hapo 0 hiyo inatunzwa vizuri kana kwamba ndiyo iliyokuwapo tangu mwanzo. Kikombe hicho hakikosei kinapotakiwa kuwa kitupu. Hakikosei pia kikijazwa na kusomwa papo hapo. Kinakosea pale tu kinapojazwa, kikaachwa, kisha kikaja kuulizwa baadaye.

Katika DDR3 na DDR4, ambazo ni aina za RAM, mzunguko huo wa kujaza chaji upya hukamilika kila milisekunde 64, na chipu ikizidi nyuzi joto 85 hutakiwa kuwa kila milisekunde 32. Na hapa kuna jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: seli nyingi mno hazihitaji haraka hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM iliyokatiwa umeme huweza kushika data kwa sekunde kadhaa, na ikipozwa sana hata kwa dakika, kiasi cha kuwawezesha kusoma humo funguo za siri za diski. Kasi ile yote ipo kwa ajili ya seli chache dhaifu. Tena kuna seli zenye tabia ya kubadilika: kwa muda hushika chaji vizuri, ghafla huanza kuvuja haraka, kisha hupata nafuu. Ndiyo maana RAM inaweza kufaulu jaribio leo na kufeli wiki ijayo.

Kuhusu joto inafaa kwenda polepole. Ni kweli joto huongeza uvujaji. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 na Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na watafiti wa Google, uliofuatilia seva nyingi za kampuni hiyo, uligundua kwamba takriban asilimia 8 ya vibao vya RAM vilipata kosa ndani ya mwaka, na athari ya joto ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Makosa yalielekea kutokana na ubovu wa vifaa vyenyewe zaidi kuliko bahati mbaya ya biti kugeuka mara moja. Hata hivyo hizo ni seva katika vyumba vilivyopozwa. Laptopu iliyoziba vumbi kwenye matundu ya hewa ni mazingira mengine.

Kabla ya kupima chochote, nakili mafaili yako muhimu, na usifute nakala za zamani, kwa sababu nakala mpya nayo inapitia RAM unayoishuku. Kisha tumia Memtest86+, programu ya bure inayoendeshwa kutoka kwenye flashi kabla ya mfumo kufunguka, hivyo inafikia karibu RAM yote. Windows ina kipimo chake pia, tafuta mdsched. Matokeo hayana uzito sawa. Kosa moja tu linatosha kuonyesha kwamba kuna hitilafu, lakini mzunguko mmoja uliopita salama haujaisafisha RAM. Iache ipime usiku kucha.

Makosa yakionekana, zima, chomoa chaja na betri ikiwezekana, toa kibao kimoja, upime tena, kisha badilisha nafasi. Kosa likikifuata kibao, kibao ndicho kibovu. Likibaki kwenye nafasi ile ile hata ukiweka kibao kizima, shuku nafasi yenyewe, ubao mama au prosesa. Wakati mwingine kuchomoa na kukirudisha sawasawa kunamaliza tatizo, kwa kuwa viunganishi vilikuwa vimeshika uchafu.

Dalili hizi si za RAM peke yake. Laptopu inayozima kama taa, bila ujumbe wowote, huniambia nianze na umeme au joto: chaja, betri, feni. Ujumbe ule ule kila mara, ukitaja draiva ile ile, kwa kawaida ni draiva. Kuganda kunakoambatana na mafaili kufunguka kwa shida kunadai diski ipimwe kwanza. Hii ni mielekeo tu, wala haichukui nafasi ya kipimo.

Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, na hapo kubadilisha ni kazi ya fundi wa chipu. Seli mbovu zikiwa chache na anwani zake zinajulikana, Windows na Linux zinaweza kuagizwa ziziruke, ingawa hili ni la kununua muda tu, maana seli jirani nazo zinaweza kufuata. Na ukishaweka RAM nzima, endesha amri ya Windows sfc /scannow ili mafaili ya mfumo yakaguliwe, kwa kuwa kosa lililokwisha kuandikwa kwenye diski haliondoki pamoja na kibao kilichotolewa.