Gari binafsi jipya linaanza kukaguliwa lini?

Nchi nyingi zenye ukaguzi wa lazima huyaachia magari binafsi mapya miaka ya mwanzo bila kukaguliwa. Uingereza na Japani hungoja miaka 3. Baada ya hapo Uingereza hukagua kila mwaka, Japani kila baada ya miaka 2. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2014, unataka ukaguzi wa kwanza usipite miaka 4 tangu usajili wa kwanza, kisha angalau kila miaka 2.

Uingereza ilipoanza mwaka 1960 ilikagua magari yaliyofikisha miaka 10 tu. Yalikutwa na kasoro nyingi mno, hata kufikia 1967 umri huo ukashushwa hadi miaka 3.

Msamaha huu unategemea pia kazi ya gari. Ukianza kubeba abiria kwa malipo, huenda gari lako limeshatoka katika kundi la magari binafsi: katika Umoja wa Ulaya, taksi hukaguliwa kila mwaka, hata ikiwa mpya. Naye aliyeagiza gari lililokwisha kutumika nje asihesabu tu kuanzia siku alipolipokea. Aulize mamlaka husika kama umri huhesabiwa tangu kutengenezwa au tangu kusajiliwa.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi sisi wakaguzi ni mwenye gari anayedhani kwamba gari lisilodaiwa ukaguzi ni gari zima. Tairi halijui tarehe ya usajili. Anayesafiri masafa marefu kila siku anaweza kuwa na matairi vipara kabla mwaka wa pili haujaisha, na kisheria kina cha mifereji Ulaya hakiruhusiwi kushuka chini ya milimita 1.6. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu hata gari likiwa limeegeshwa. Unyevu ukizidi, mafuta hayo huchemka mapema breki zinapopata moto, kwa mfano kwenye mteremko mrefu, na pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, yaani kabla hata ya ukaguzi wa kwanza.

Pia, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lako limeitwa kurekebishwa kasoro ya kiwandani. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa bure, na magari mapya huitwa pia.