Je, wajua kwa nini watu wa studio wanaweka kiboksi chenye nobu moja mezani wakati kompyuta ina volyumu yake?

Ukiingia studio nyingi utakuta mezani, hapo kati ya kibodi na mausi, kuna kiboksi kidogo kizito, kwa Kiingereza wanakiita monitor controller, chenye nobu (kile kirungu cha kuzungusha) moja kubwa mbele na matundu ya jeki nyuma, na jamaa anayemiksi mkono wake hautoki hapo. Ukimuuliza kinafanya nini anakwambia kinapandisha na kushusha sauti. Basi? Basi. Sa ndo mtu anajiuliza, si kompyuta ina volyumu, programu ina feda ya kuteleza juu na chini, saundi kadi (kile kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta kwenda spika) yenyewe ina nobu, na spika kwa nyuma zina nobu pia, hiki cha tano cha nini?

Mi nilibisha sana kuhusu hiki kitu. Nilikuwa nashusha volyumu kwenye kompyuta hadi kama asilimia 10 afu spika kwa nyuma nimezifungua mpaka mwisho, maisha yanaenda. Siku moja niko katikati ya kazi programu ikakwama, ikajifunga, nilipoifungua tena ile volyumu ikarudi asilimia 100 yenyewe na mimi sina habari. Nikabonyeza plei. Wakuu, nilichosikia sio muziki, ni kofi. Spika zilipona ila masikio yalilia hadi jioni. Siku hiyo ndo nikaelewa kitu cha kwanza, kwamba volyumu iliyo ndani ya programu ni namba tu imeandikwa mahali, na namba inaweza kubadilika bila kukuomba ruhusa. Nobu ya analogi, yaani inayoshika umeme wenyewe wa sauti na sio namba, ikisimama pale ulipoiacha, imesimama. Kompyuta ijizime, ijiwashe, plagini (vile viprogramu vya kuchezea sauti ndani ya programu) ipige kelele zake zote, kinachofika kwenye spika hakiwezi kuzidi pale mkono wako ulipopaacha.

Lakini hiyo ni ya usalama tu. Kuna sababu nyingine inahusu sauti yenyewe, na hapa watu huwa wanasimulia nusu.

Nusu wanayosimulia ni ya biti. Sauti ya dijitali ni namba, na kila biti moja, yaani tarakimu moja ya hiyo namba, inakupa kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwahiyo biti 16 ni kama desibeli 96 na biti 24 ni kama 144. Ukishusha kidijitali kwa desibeli 40 umetupa biti kama sita na nusu. Kwenye biti 16 unabaki chini ya 10, hiyo inasikika. Kwenye biti 24 unabaki na kama 17 na kitu, ambazo bado ni nyingi kuliko 16 za CD, kwahiyo ukisikia mtu anasema kushusha kwenye kompyuta kunaua muziki kabisa mwambie apunguze chumvi.

Nusu ya pili ndo yenye uzito. Saundi kadi ina chipu inayogeuza namba kuwa umeme, na baada ya hiyo chipu kuna saketi za analogi, na hizo zina kelele zake ndogo, ile shshsh ya chini kabisa. Saundi kadi nzuri ina umbali wa kama desibeli 110 hadi 120 kati ya sauti kubwa kabisa inayoweza kutoa na hiyo shshsh. Sasa ukishusha muziki ndani ya kompyuta kwa desibeli 40, muziki umeshuka ila shshsh haijashuka, maana yenyewe inazaliwa baada ya hapo. Ule umbali wa 115 unakuwa 75. Ila ukiacha kompyuta itoe sauti kamili afu ukashusha kwa nobu iliyokaa baada ya saundi kadi, muziki na shshsh vinashuka pamoja, kama maji na tope kwenye ndoo moja, ukimwaga nusu vyote vimepungua nusu. Umbali unabaki ule ule. Hiyo ndo hoja nzima ya kushusha kwa analogi, mengine ni mapambo.

Ndani ya hicho kiboksi huwa hamna maajabu. Vya pasivu havina hata umeme, ni poteshiometa tu, ambayo ni utepe wa kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake, au kwa vile vya bei kubwa ni swichi ya ngazi ngazi yenye risista (kipande kinachozuia umeme) moja moja kila hatua. Vya aktivu vina umeme na amplifaya ndogo ndani, na mara nyingi vinakuja na mambo mengi, jozi mbili tatu za spika, maiki ya kuongea na msanii, matundu ya hedifoni. Pasivu haiongezi kelele yoyote ya maana kwa sababu hakuna kinachokuza kitu, ila ina ugonjwa wake, na aktivu vivyo hivyo.

Ugonjwa wa poteshiometa ni huu. Kushoto na kulia kila upande una utepe wake, vyote vinazungushwa na fimbo moja, na hakuna kiwanda kinachoweza kuchora tepe mbili za kaboni zikafanana kabisa. Chukua poteshiometa ya omu 10,000, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Ukiwa umefungua nusu ya umeme, chini ya kidole kuna omu 5,000, upande mmoja ukizidi mwingine kwa omu 30 hata mbwa hasikii. Sasa shusha hadi desibeli 40 chini, hapo zimebaki omu kama 100 tu, na zile zile omu 30 za tofauti sasa ni desibeli 2 na zaidi. Ndo maana ukisikiliza kwa sauti ndogo sana mwimbaji aliyekuwa katikati anaanza kuhamia kushoto taratibu kama mtu anayetaka kuondoka kwenye kikao bila kuaga. Sio miksi yako, ni nobu. Nimewahi kukaa lisaa zima narekebisha pani ya sauti, yaani inakaa kushoto au kulia kiasi gani, ambayo haikuwa na kosa lolote. Swichi za ngazi zenye risista za asilimia 1 hazina shida hii, ila unapata hatua tu, hupati katikati ya hatua.

Kwahiyo kazi ya kuseti ni kuhakikisha hiyo nobu haikai kule chini kwenye ugonjwa wake. Na hapa ndo wengi wanakosea, wanakichomeka tu kama adapta afu wanashangaa nobu ikisogea kidogo chumba kinatikisika.

Zima spika kwanza. Kebo zitoke kwenye saundi kadi ziingie kiboksi, zitoke kiboksi ziende spika, na kama mashine zako ni za balansi, yaani sauti inapita kwenye nyaya mbili badala ya moja, tumia kebo za balansi pande zote mbili, zile jeki zenye pete mbili nyeusi au XLR, ile plagi ya duara yenye pini tatu, usichanganye moja ya balansi na nyingine ya gitaa maana utapata upande mmoja una sauti ndogo na mwingine kubwa afu utalaumu kiboksi. Kama ni pasivu kebo za kwenda spika ziwe fupi. Sababu ni kwamba poteshiometa ile ya omu 10,000 ikiwa katikati inaonekana kwa kebo kama ukinzani wa omu 2,500, na kebo yenyewe ina tabia ya kapasita, yaani inahifadhi umeme kidogo, kama pikofaradi 100 kila mita, hivo viwili vikikutana vinakuwa kichujio cha trebo. Mita 3 hamna shida, kichujio kiko juu ya kilohezi 200 huko ambako hata popo anasikia kwa shida. Mita 30 kinashuka hadi kama kilohezi 21, hapo umeanza kugusa muziki. Nani ana kebo ya mita 30 chumbani sijui, ila wapo.

Afu programu na saundi kadi zote ziweke juu kabisa, volyumu ya kompyuta asilimia 100, uziache hapo na usiziguse tena. Nobu ya kiboksi ishushe hadi chini. Nobu za nyuma ya spika nazo zishushe. Washa spika mwisho, daima mwisho, maana vitu vingine vikiwashwa vinatoa ule mdundo wa paa, na wakati wa kuzima spika ndo zinatangulia. Sasa weka muziki unaoujua vizuri, zungusha nobu ya kiboksi hadi mshale unasimama wima juu, pale saa sita, au upite kidogo ufike saa saba au saa nane. Bado huenda husikii kitu. Nenda nyuma ya spika ufungue taratibu, moja afu nyingine, mpaka pale unapokaa sauti iwe ile ambayo unaweza kufanya nayo kazi siku nzima. Hapo umemaliza. Nobu ya mezani sasa inafanya kazi kwenye eneo lake zuri, juu bado kuna nafasi kidogo ya kumfurahisha mteja, na chini unaweza kwenda saa tatu bila mwimbaji kuhama.

Ukitaka kuwa makini zaidi tumia pinki noizi, ile kelele kama mvua ya mbali, iliyorekodiwa wastani wa desibeli 20 chini ya sifuri ya dijitali, yaani chini ya kilele ambacho dijitali haiwezi kupita, uicheze spika moja moja na mita ya sauti ikae pale kichwa chako kinapokaa, mita iwe kwenye C, ile seti isiyokata besi sana, na mwendo wa taratibu. Bob Katz, mhandisi wa masta (anayezimalizia nyimbo kabla hazijatoka), ndo aliyepigia debe desibeli 83 kwa kila spika kwenye mfumo wake wa K wa kupanga ukubwa wa sauti. Ila 83 kwenye chumba kidogo ni kubwa kwelikweli, watu wengi wa vyumba vidogo wanakaa kati ya 73 na 79 na hakuna polisi anayekuja. Apu ya simu inafaa? Kwa namba kamili usiiamini sana, maiki za simu hazijapimwa kwa kazi hiyo. Kwa kulinganisha kushoto na kulia inafaa kabisa, bora usiisogeze simu. Ukishapata, kata kipande cha tepu ubandike kwenye kiboksi pale mshale ulipo. Hicho kipande cha tepu ndo kifaa cha maana kuliko vyote nilivyotaja.

Kwa nini? Kwa sababu sikio letu linadanganya kulingana na ukubwa wa sauti. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hili mwaka 1933 pale Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, na vipimo vya kisasa vya ISO 226, kiwango cha kimataifa, vinasema hivi: kama sauti ya hezi 1,000 iko desibeli 40, besi ya hezi 50 inahitaji kama desibeli 78 ndo uisikie sawa nayo, yaani tofauti ya 38. Ukipandisha ile ya kwanza hadi 80, tofauti inashuka hadi kama 22. Maana yake ukimiksi kwa sauti ndogo utaona besi haipo, utaiongeza, kesho ukiicheza kwa nguvu nyumba nzima inanguruma. Ukimiksi kwa sauti kubwa kila kitu kinapendeza, hata kibaya. Kwahiyo unataka sehemu moja unayorudi kila siku, mkono uende kwenye tepu, sikio lijue hapa besi inatakiwa kusikika hivi. Kushuka kwa muda ili usikie kama mwimbaji anabaki juu ya ala ni kitu kizuri na nakifanya sana, ila narudi kwenye tepu.

Na masikio yenyewe, yale mawili uliyopewa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, 88 ni masaa manne, 94 ni lisaa limoja, 100 ni dakika 15. Prodyuza anayefanya kazi kwenye 95 siku nzima anajichimbia shimo mwenyewe.

Vitufe vingine, kama kiboksi chako kinavyo: dimu inashusha mara moja, mara nyingi desibeli 20, mtu akiingia mlangoni unabonyeza badala ya kuzungusha na kupoteza sehemu yako. Mono, inayochanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, itumie kila siku, ala ikipotea ukibonyeza mono ujue fezi imegombana, yaani mawimbi ya kushoto na kulia yanafutana.

Sasa kabla hujaenda kununua. Saundi kadi yako huenda tayari ina nobu inayofanya hii kazi, na nyingine zina nobu inayofanana nayo kabisa lakini ndani inabadilisha namba tu kama ile ya kompyuta. Kujua ipi ni ipi usicheze muziki wowote, fungua spika kwa nyuma zaidi ya kawaida yako, afu sogeza sikio karibu na ile spika ndogo ya trebo huku mwingine anazungusha nobu ya saundi kadi. Shshsh ikipungua pamoja na nobu, ni analogi, hela yako ibaki mfukoni. Isipobadilika shusha nobu ya kiboksi kama unacho, au zima spika, chomoa kebo, washa tena usikilize. Shshsh ikiwa ile ile bila kebo basi inatoka kwenye spika zenyewe, na hapo hakuna kiboksi cha nobu moja duniani kitakachokusaidia. Ya kwangu ilinyamaza nilipochomoa, ndo nikanunua.