Je, wajua? Kijiko kimoja cha maji huushinda mwali wa gesi kwenye bomba la shaba

Katika nchi za baridi, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kutoka kwenye boila hadi kwenye radiata, na kwa miaka mingi mabomba yake yamekuwa ya shaba. Radiata ikiondolewa, bomba lililobaki hukatwa na kuzibwa. Tatizo ni kwamba bomba lenyewe huwa chini ya mbao za sakafu au nyuma ya kabati lililojengewa ukutani, mahali ambapo mkono unaingia lakini kiwiko kinakataa. Fundi anakata, anang'arisha shaba, anapaka fluksi (dawa inayosaidia lehemu kushika shaba), anavika kifuniko cha shaba, anawasha gesi. Anasubiri. Lehemu, yaani waya wa metali laini unaoyeyushwa ili kuziba kiungo, inagoma kuyeyuka, au inayeyuka kwenye ncha ya waya na kudondoka kama shanga bila kushika popote.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba moto hautoshi. Ndiyo maana mtu hufungua gesi zaidi, akaleta mtungi wa pili, au akatafuta bana (kichomeo cha gesi) kubwa kuliko ile ya kwanza. Lakini mwali wa propani unaowaka hewani unakaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi. Lehemu ya bati yenye shaba kidogo huyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi, na ile ya zamani ya bati na risasi huyeyuka chini ya hapo. Moto umezidi mahitaji kwa mbali sana, na kuuongeza huleta hasara: fluksi inaungua na kuwa masizi meusi, na lehemu haishiki juu ya shaba iliyoungua. Mbao zilizo sentimita chache kutoka hapo nazo haziombi moto zaidi.

Wengine husema shaba ndiyo ya kulaumiwa, kwa kuwa hupitisha joto haraka mno na kulikimbiza mbali na kiungo. Hapa kuna ukweli kiasi. Shaba hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko chuma cha pua. Hata hivyo, bomba hilohilo likiwa kavu, mwali uleule hulilehemu bila taabu. Kilichobadilika ni maji yaliyobaki ndani, na hayahitaji kuwa mengi.

Kunja karatasi iwe kikombe, tia maji, kisha ishike juu ya mshumaa. Maji yatapata moto na mwishowe yatachemka, lakini sehemu ya karatasi iliyogusana na maji haitashika moto. Maji kwenye shinikizo la kawaida hayapandi kupita nyuzi 100. Yakifika hapo, joto lote linaloongezwa linatumika kuyageuza mvuke, na karatasi inalazimika kukaa karibu na kiwango hicho. Ukileta mishumaa miwili, maji yatachemka kwa kasi zaidi, basi. Ukingo wa juu usioguswa na maji ndio utakaoungua, na kwenye bomba mambo huenda hivyohivyo: shaba iliyolowa ndani inashikiliwa karibu na nyuzi 100 huku lehemu ikisubiri 227.

Hesabu yake inashangaza kidogo. Chukua kipande cha sentimita 5 cha bomba la milimita 15 pamoja na kifuniko chake, tuseme gramu 25 za shaba kwa jumla. Kukipandisha kutoka joto la chumba hadi nyuzi 240 kunahitaji takriban kilojuli 2. Kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani gramu 5, kinahitaji karibu kilojuli 13 hadi kikauke chote. Maji hayo hayatoshi hata kujaza sentimita 4 za bomba, lakini yanadai joto mara sita kuliko shaba yenyewe. Hesabu hii inahusu joto lililoingia tu. Sehemu kubwa ya mwali hupotea hewani, na kiasi kinachopotea hubadilika kulingana na nafasi na pembe ya bana. Na kama maji yanatiririka polepole kutoka juu, deni halilipiki kabisa.

Bomba likiwa limelala, kuna hila nyingine. Maji hukaa upande wa chini. Juu hukauka kwanza, lehemu huyeyuka pale na kuacha pete inayong'aa, nawe unaridhika kwa sababu ndiyo sehemu unayoiona. Chini, mahali jicho halifiki, lehemu huweza kuwa haikuingia kabisa. Mafundi wazoefu hubeba kioo kidogo cha mkononi kwa ajili ya upande huo.

Kuziba kuna ugumu ambao kuunganisha mabomba mawili mara nyingi hakuna. Kifuniko ndicho kinachofunga njia. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na kama upande wa pili wa bomba umefungwa kwa vali, mvuke hauna pa kupita ila katikati ya lehemu iliyoyeyuka. Hupenya na kuacha tundu jembamba kama la sindano. Hata bila maji, hewa iliyofungiwa ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 240 hupata shinikizo la karibu mara moja na robo tatu ya lile la mwanzo, na hilo linaweza kuisukuma lehemu nje. Kwa hiyo njia ya hewa huachwa wazi mahali fulani kwenye mfumo hadi kiungo kipoe. Uwazi huohuo, kama uko juu, husaidia pia kabla ya kukata, kwa sababu bomba lisiloingiza hewa halimwagi maji yake yote.

Kukata kwenyewe si kitendawili. Kuna kikata bomba cha duara kinacholizunguka bomba kwa nafasi ya sentimita chache tu, unakigeuza kwa vidole kidogo kidogo. Hukata kwa unyoofu kuliko msumeno na hakiachi vumbi la shaba. Huacha ukingo uliojikunja kwa ndani, ambao unafaa kukwanguliwa.

Kuhusu maji yanayotiririka, mafundi wa zamani walisokota nyama ya mkate, wakaisukuma ndani izuie kwa dakika chache, kisha mkate ukayeyuka na kuoshwa. Mbinu hiyo hufanya kazi kweli, ila inafaa zaidi kwenye bomba ambalo maji yatapita baadaye. Nyuma ya kifuniko hakuna mkondo wa kuuosha, na makombo yakipata njia yanaweza kuishia kwenye vali ndogo. Njia nyingine ni kuligandisha bomba kwa kifaa maalumu mpaka barafu izibe ndani. Maji lazima yawe yametulia, na mwali uwe mbali na barafu, jambo ambalo chini ya sakafu si rahisi kulipata.

Kwa hiyo mahali pa dhiki wengi huachana na moto. Kifuniko cha nati hubana pete laini ya shaba juu ya bomba. Kile cha kusukuma kina meno ya chuma cha pua yanayong'ata bomba na pete ya mpira inayozuia maji. Wasioviamini hudhani shinikizo litavifyatua. Mfumo wa kawaida wa nyumbani uliofungwa huwa na shinikizo la baa 1 hadi 1.5 (baa 1 hukaribia shinikizo la hewa ya kawaida) ukiwa baridi, na vali ya usalama hufunguka kwenye baa 3. Kwenye bomba la milimita 15, hata hizo baa 3 husukuma kifuniko kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 5 na kitu, na meno yale yamepinda kwa namna ambayo kusukumwa nje kunayafanya yang'ate zaidi. Kinachoviponza hasa ni ukingo mkali unaochana pete ya mpira wakati wa kusukuma, mikwaruzo ya urefu, rangi ya zamani juu ya shaba, au kifuniko kutofika mwisho. Ndiyo maana kina cha kuingia huwekewa alama kwa kalamu kwenye bomba kabla ya kukisukuma, ili ijulikane kwa kuona kama kimefika mwisho.