Je, wajua kwa nini ofisi husaga diski nzima ili kufuta faili?

Mwaka 2017 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Oklahoma, Marekani, alinunua diski za mtumba kwenye mnada wa mtandaoni. Alipozichomeka akakuta taarifa za Morgan Stanley, moja ya taasisi kubwa za fedha duniani, zimo na zinasomeka. Akawaandikia barua pepe kuwajulisha. Hakuna mdukuzi aliyehusika hapo. Taasisi ilikuwa imefunga vituo vyake vya data, ikaipa kazi ya kuondoa mashine kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu data, na mashine zikaingia sokoni na siri za watu tumboni. Mwaka 2020 msimamizi wa mabenki wa Marekani aliitoza faini ya dola milioni 60. Septemba 2022 mamlaka ya soko la mitaji, SEC, ikaongeza dola milioni 35.

Mkuu wa ofisi akisikia habari ya namna hii, hatafuti ufafanuzi wa kitaalamu. Anataka kuona diski imevunjika. Ndiyo maana zipo mashine za kutafuna diski zikatoka chengachenga, hata kama diski yenyewe ingeweza kufanya kazi miaka mingine mitano. Asiye na mashine hiyo hufungia kompyuta stoo na kuweka kufuli, vumbi lizimalize. Lakini kwa nini tufike huko? Kitufe cha kufuta kipo, kila mtu anakijua. Kimeshindwa nini?

Kimeshindwa kwa sababu hakikutengenezwa kuangamiza kitu. Kompyuta huweka orodha ya mafaili yote: jina la faili, na mahali linapoanzia kwenye diski. Ukifuta, kinachobadilika ni orodha. Ni kama gesti ambayo mhudumu amekata jina la mgeni kwenye daftari na kuandika "chumba kiko wazi", huku mgeni bado kalala ndani. Atatoka siku atakapopangiwa mtu mwingine chumba hicho. Katika diski, "siku hiyo" inaweza kuwa kesho, inaweza isifike kabisa. Walibuni hivyo kwa haraka tu: kubadilisha mstari mmoja kwenye orodha huchukua kufumba na kufumbua, ilhali kuandika upya juu ya filamu ya saa mbili kungekuweka ukisubiri.

Tazama jinsi picha inavyofufuliwa. Kila picha ya aina ya JPEG huanza na baiti zilezile tatu, ambazo wataalamu huziandika FF D8 FF. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec ambayo haijali orodha inasema nini. Inapita kwenye diski kipande baada ya kipande, na kila ikikutana na FF D8 FF inajua kwamba hapa pameanza picha, basi inaichota. Jina la faili halirudi, wala folda lilimokuwa. Ila picha yenyewe, ya kitambulisho uliyompigia wakala au ya shangazi akicheza harusini, mara nyingi inarudi kama ilivyokuwa. Huhitaji maabara, kompyuta ya kawaida na jioni moja vinatosha.

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 walizonunua mitumbani. Mlikuwa na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Diski zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa za kuhesabika. Wengi wa wenyewe walidhani wameshafuta.

Dawa ya kizamani ilikuwa kuandika takataka juu ya kila sehemu ya diski. Kwa diski zile zinazozunguka, inafanya kazi, na mara moja inatosha. Najua wapo watakaopinga, kwa sababu mwaka 1996 Peter Gutmann wa New Zealand aliandika utaratibu wa kupitia mara 35, na mpaka leo zipo programu zinazojigamba nao. Gutmann mwenyewe alishaeleza kwamba zile 35 zilikusudiwa kukidhi aina mbalimbali za diski za zamani, na kwamba kuzifanya zote kwenye diski ya kisasa ni kupoteza muda. Watu hawakumsikiliza. Mara 35 inaleta amani ya moyo.

Tatizo la kweli lilikuja na kumbukumbu za flashi, ambazo leo zimo kwenye simu, kwenye diski zisizozunguka ziitwazo SSD na kwenye vile vijiti tunavyobebea mafaili. Flashi inachakaa: kila kijisehemu kinavumilia kuandikwa idadi fulani ya mara, kisha kinakufa. Ili visichakae upande mmoja, kidhibiti kilichomo ndani huhamahamisha data kimyakimya. Wewe unaagiza "andika juu ya faili hili", chenyewe kinaandika mahali pengine papya na kuliacha la zamani pembeni likisubiri kusafishwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu mbinu za kufuta faili moja kwenye SSD kwa kuandika juu yake. Zote zilishindwa: kati ya asilimia 4 na 75 ya yaliyomo ilibaki. SSD za leo hujisafisha vizuri zaidi zikiachwa zimewashwa, lakini hakuna mkaguzi atakayekubali kutia sahihi juu ya neno "huenda".

Hapo ndipo kinu cha kusaga kinapopata hoja. Na hapo ndipo mwanamazingira anaposhika kichwa.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaokubalika. Tena wengi hudhani dhambi kubwa ya kifaa ni siku kinapotupwa. Kwa simu janja, sehemu kubwa ya gesi ya ukaa inatoka wakati wa kuitengeneza. Ripoti za Apple kuhusu simu zake huonyesha kiasi cha asilimia 80. Umeme unaochajia maisha yote ya simu ni kitu kidogo ukilinganisha na uchimbaji, viwanda na usafirishaji. Kobalti iliyomo kwenye betri, kwa sehemu kubwa, imetoka Kolwezi na maeneo jirani huko Congo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Basi kusaga kifaa kizima ambacho bado kinafanya kazi ni kuagiza kingine kichimbwe upya. Na kurejeleza hakufuti hasara hiyo: chengachenga za diski zinaweza kurudisha alumini na shaba, hazirudishi diski.

Kwa hiyo mabishano huwa hivi: wa faragha anasema saga, wa mazingira anasema tumia tena, mwanasheria anasema msiniletee faini. Kila mmoja ana haki kwa upande wake, na kwa maoni yangu wote watatu wanabishana juu ya kitu kisicho sahihi. Wanabishana kuhusu siku ya mwisho ya kifaa. Swali lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: data iliandikwaje?

Data iliyosimbwa, yaani iliyovurugwa kwa hesabu kiasi kwamba bila ufunguo inasomeka kama kelele tupu, haihitaji kufutwa yote. Unaharibu ufunguo. Ufunguo wenyewe ni mfuatano mfupi, mara nyingi biti 128 au 256, na ukishapotea, gigabaiti zote zilizobaki ni upuuzi hata zikilala hapo miaka mia. PhotoRec ikipita haitakutana na FF D8 FF yoyote ya picha zako. Kazi inachukua sekunde, na diski inaendelea kuishi kwa mtu mwingine. Miongozo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani ambayo wakaguzi wengi duniani huifuata, inautambua ufutaji huu kuwa njia halali, mradi usimbaji uliwashwa kabla data haijaingia.

Na sasa rudi kwa Morgan Stanley. Katika mashtaka ya SEC kuna sehemu ambayo magazeti mengi yaliipita juu juu: baadhi ya seva zilizoondolewa zilikuwa na uwezo wa kusimba data, ila kwa miaka mingi hakuna aliyeuwasha. Uliwekwa, ukalipiwa, ukaachwa bila kuwashwa.

Sheria zetu nazo zimesomwa vibaya. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa binafsi zisizohitajika tena zifutwe au ziondolewe utambulisho wa mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kinacholindwa humo ni taarifa. Zikifikia hatua ya kutosomeka, chuma hakina kosa. Halafu Kenya hiyohiyo, mwaka 2022, ikapitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Ofisi inayosaga kompyuta nzima kwa jina la sheria ya kwanza inaipa sheria ya pili mzigo ambao haukuwa na ulazima. Ningekuwa mkaguzi, nisingeomba picha za diski zilizopondwa. Ningeomba kuona kama usimbaji uliwashwa, na lini.

Kwenye simu, habari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. iPhone zinasimba data tangu ile 3GS ya mwaka 2009. Android 6, iliyotoka 2015, ilizilazimisha simu mpya zenye prosesa ya kutosha; simu za bei ya chini, ambazo ndizo wengi wetu tunanunua, ziliachwa nje kwa kuwa kusimba kungezifanya zikwame. Mwaka 2019 Google ikaleta njia nyepesi ya kusimba, ikaiita Adiantum, mahsusi kwa prosesa dhaifu, na kuanzia Android 10 kila simu mpya inatakiwa kusimba. Ina maana kwamba kwenye simu ya miaka hii, ile amri ya kurejesha mipangilio ya kiwandani inafanya zaidi ya kufuta orodha: inatupa ufunguo. Unaweza kumuuzia mtu simu Kariakoo au Luthuli Avenue bila kuipiga nyundo.

Ila kuna mitego. Wa kwanza ni memori kadi. Mara nyingi haisimbwi, na kurejesha simu kiwandani si lazima kuiguse. Itoe, ubaki nayo. Wa pili ni akaunti. Usipoiondoa akaunti yako ya Google au ya Apple kabla ya kuifuta simu, ulinzi dhidi ya wezi utaendelea kumdai mnunuzi nenosiri lako. Ulinzi huo umesaidia kuzuia wizi, lakini pia umeziua simu nzima kabisa ambazo wenyewe walizitoa kwa nia njema wakasahau hatua moja. Zinaishia kuchunwa vioo na betri, bodi ikatupwa.

Mtego wa tatu ni wewe mwenyewe kwenye meza ya fundi. Fundi anabadilisha kioo, anasema anahitaji namba ya siri ili ajaribu mguso, nawe unamwandikia kwenye kikaratasi kinachobandikwa mgongoni mwa simu, na simu inalala hapo usiku kucha. Usimbaji wote wa dunia umeishia kwenye kikaratasi hicho. Mfungulie mwenyewe, ajaribu mbele yako, au uliza kama simu ina hali ya ukarabati. Baadhi ya simu za Samsung na Pixel za Google za karibuni zinayo, na inamruhusu fundi kujaribu simu bila kuona vitu vyako.

Simu iliyokufa kioo, ya miaka hii na iliyokuwa na namba ya siri ngumu kiasi, huna haja ya kuifungia kabatini kwa hofu: aliyeiokota hana ufunguo. Vitochi na simu za Android za kabla ya 2015, pamoja na zile za bei ya chini za kabla ya Android 10, ni kesi nyingine. Hizo mara nyingi hazisimbi, na kama haziwaki huwezi kuzifuta. Hapo nakubali kwamba chipu ya kumbukumbu inafaa kuharibiwa, kama ndani yake mna kitu cha kukuumiza. Lakini toa betri kwanza. Betri ya lithiamu ikipigwa nyundo inaweza kulipuka moto palepale mkononi, na moshi wake ni sumu. Iweke pekee mahali pakavu, ziba ncha zake kwa selotepu, uipeleke kwa wanaokusanya: Nairobi kuna WEEE Centre, Rwanda wana kiwanda chao Bugesera. Usiitie kwenye pipa la taka za jikoni, kwa maana lori la taka likiibana humo ndani, kitakachofuata ni moto.